Gari Linalomngoja Dereva

Gari nililinunua kwa ajili yangu mwenyewe, kisha nikasema nimelinunua kwa ajili ya Baba. Naanza na uongo huo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana nao, na kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu.

Mimi nauza pembejeo Majengo, hapa Songea: mbolea, mbegu, majembe, dawa za kupulizia wadudu. Mtu wa kazi kama hiyo, mwenye miaka arobaini na nane na tumbo lililoanza kumtangulia, anatakiwa kununua gari la kubebea mifuko. Mke wangu alikuwa ameshanieleza hivyo, tena kwa utulivu, na utulivu wake hunitisha kuliko ugomvi wake. Lakini mwezi Machi nikaliona lile gari limeegeshwa kwa dalali mmoja pale mjini. Jeupe, limekaa chini, na nyuma lina ekzosi mbili ambazo ndani yake ungeweza kuingiza kikombe cha chai. Dalali akaliwasha, akapiga resi mara moja. Nikajua nimekwisha.

"Hili ni la mashindano, bosi," akaniambia. "Silinda sita, tabo, otomatiki ya gia tano. Kule Japani wanakimbizana nalo milimani."

Nikamuuliza kuhusu vitufe. Usukani ulikuwa na vitufe vinne vidogo: viwili kwa mbele, pale vidole gumba vinapokaa, na viwili kwa nyuma, vidole vingine vinaposhikia. Kama viliwahi kuwa na maandishi, yalishafutika.

"Vya redio hivyo," akasema bila kufikiri.

"Na huku?" Kando ya D palikuwa na mfereji mdogo unaochepuka, ambako liva ya gia ingeweza kusukumwa pembeni.

Hapo alifikiri kidogo. "Hiyo ni ya theluji. Huku kwetu usiiguse kabisa. Ukiiweka huko na theluji hakuna, giaboksi inakufa."

Nilitaka sana kununua, kwa hiyo nilikuwa tayari kuamini. Fundi wangu wa umeme naye akaongezea lake. Alipotoa redio ya Kijapani na kuweka inayoshika stesheni zetu, alisema vile vitufe sasa havina redio, na nikivibonyeza umeme utarudi kwenye kompyuta ya gari na kuiunguza. Akavifunika vyote vinne kwa tepu nyeusi. Nikaendesha gari la mashindano hivyohivyo: D kwenda, R kurudi, P kulala. Mwezi Juni baridi ya Songea ilipoanza kuuma, na watu wa Bombambili, mtaani kwetu, wakawa wanavaa makoti mawili mawili, jirani yangu aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama sasa si wakati wa kuiweka gia kwenye theluji.

Lakini nimekimbilia mbele. Siku ya kwanza niliingia nalo getini, nikapiga resi mara tatu kabla ya kulizima, na mke wangu akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"La nani hili?"

Nilikuwa na majibu matatu niliyoyaandaa njiani. Lililotoka halikuwa hata moja kati ya hayo.

"La Baba," nikasema.

Baba aliendesha lori la misheni kwa miaka thelathini. Alipakia mahindi, saruji, mabati, madawati, na mara kwa mara mapadri. Alistaafu akarudi kijijini Maposeni kulima, na bado alikuwa na pikapu yake kuukuu aliyoendesha kila siku mpaka miaka miwili iliyopita, kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mdomo ulirudi sawa. Mguu ulirudi nusu. Mkono haukurudi. Na kwenye magari yetu dereva hukaa kulia, hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto na kukanyaga klachi kwa mguu wa kushoto. Baba mwenyewe alisema pale pale kitandani hospitalini, kabla hata hajaweza kutamka vizuri, "Ugonjwa huu umesomea udereva. Umejua pa kushika."

Tukamhamishia kwetu Bombambili. Pikapu ikabaki Maposeni, imekaa juu ya matofali. Kila asubuhi alikuwa anawekewa kiti chake nje, kimeelekea barabarani, na hapo alisahihisha madereva wa malori kwa kuwasikiliza tu wanavyobadilisha gia. Lori likipita huku linapandisha, yeye anasema, "Huyo kachelewa." Lingine likipita, "Huyo sawa. Huyo kafundishwa." Ilikuwa ndiyo kazi iliyobaki.

Kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu. Otomatiki haina klachi. Gia inajibadilisha. Mtu mwenye mkono wa kulia na mguu wa kulia anaweza kuendesha. Nilimweleza mke wangu hayo yote pale getini, na kadiri nilivyoeleza nikaanza kujiona mtu mwema sana. Akashusha mwiko. "Kumbe," akasema kwa sauti ndogo. Siku hiyo alichinja jogoo. Nilimla yule jogoo kwa aibu, lakini nilimmaliza. Na kabla sijapata namna ya kuufungia uongo ndani ya chumba chetu, yeye alikuwa ameshakwenda chumba cha nyuma kumwambia Baba.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Baba amesimama mlangoni kwake na fimbo, amevaa koti la kaki. Lilikuwa koti lake la kazi, lenye mifuko minne, na tangu augue lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Alikuwa amelivaa kwa mkono mmoja, na vifungo vyote vimefungwa. Sijui alianza saa ngapi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Liko wapi?"

Akalizunguka. Akagonga tairi kwa fimbo. Akainama polepole kuchungulia chini. "Limekaa chini sana. Litakwaruza tumbo."

"Ni la spidi, Baba."

"Spidi ya kwenda wapi?"

Kwetu sehemu za kukimbia zipo, ila unapoanza kuzifurahia unakutana na tuta.

Nikasema nimtembeze kwanza alisikie. Akakaa kiti cha kushoto, mke wangu akaingia nyuma, kwa sababu mkamwana haketi mbele na mkwewe. Nikaondoka taratibu. Gari likapanda kwenda gia ya pili, na Baba akageuza kichwa.

"Nani kabadilisha?"

"Lenyewe, Baba."

"Kwa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamweleza nilichokijua. Kwamba linaangalia spidi na linaangalia mguu: ukikanyaga mafuta kidogo linapanda gia mapema, likae kimya na lisile mafuta, ukikanyaga sana linachelewesha kupanda, injini ivute mpaka mwisho kwanza. Tulipofika kwenye kipande kilichonyooka nikaona nimwonyeshe. Nikakanyaga mpaka chini. Gari likasita kama linawaza, likashuka gia mbili kwa mkupuo, mshale wa mizunguko ya injini ukakimbilia elfu sita na ushee, mlio ukajaa ndani, ndipo likabadilisha. Mke wangu kule nyuma alimtaja Bikira Maria mara kadhaa. Baba hakushika chochote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mara ya kwanza limewahi," akasema. "Mara ya pili limechelewa. Na pale kwenye kona limebadilisha katikati. Katikati ya kona hakuna anayebadilisha gia." Kisha akaongeza, "Kumbe linasikiliza mguu. Halisikilizi barabara."

Inabidi nieleze kidogo hapo. Baba na wenzake wa zamani hawakuijua milima ya mkoa huu kwa majina ya kwenye ramani. Waliijua kwa gia. Kulikuwa na Tatu, kulikuwa na Mbili, na kule Lukumburu, kwenye njia ya Njombe, kulikuwa na mahali walipopaita Moja na Sala. Njia ya Maposeni ilikuwa na kilima walichokiita Mbili ya Aibu. Kilikuwa kilima cha gia ya tatu, ila ukichelewa kushusha pale chini, injini inakufia katikati na unalazimika kwenda ya pili mbele ya watu. Kwa hiyo dereva alitakiwa kubadilisha kabla ya kilima, akiwa bado kwenye tambarare, mahali ambapo mtu asiyejua angeona hakuna sababu. Nilipokuwa mtoto alikuwa ananipakia kwenye kabini wakati wa likizo, na kabla ya kila kilima alikuwa ananiuliza, "Sasa?" Mimi nilitakiwa kutaja gia. Nilitaja. Na kila mara, miaka yote, alijibu neno lile lile: "Umechelewa."

Jumatatu iliyofuata tukaenda kwenye uwanja wa mpira usiokuwa na mtu. Nikamkalisha kulia. Akaushika usukani kwa mkono wake mzima, akaupapasa. Nikaweka D. Akaachia breki, na gari likaanza kwenda lenyewe, kama otomatiki zote zinavyofanya.

"Mbona linaondoka?" akashtuka. "Sijaliambia kitu!"

"Ndivyo lilivyo, Baba. Endelea tu."

Akakanyaga mafuta. Tukazunguka goli moja. Gari likapanda ya pili, likapanda ya tatu, kwa ulaini kabisa, na mimi nilikuwa natabasamu hadi masikioni. Tulipofika katikati ya uwanja akasimama. Akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa umelala kwenye paja. Kisha akafungua mlango, akatafuta fimbo yake, akatoka.

"Nimepakiwa," akasema.

"Baba, ulikuwa unaendesha."

"Nilikuwa nimekaa. Hilo gari lilikuwa linajiendesha, mimi nimewekwa juu kama gunia. Miaka thelathini nimepakia watu, leo napakiwa mimi kwenye kiti cha dereva? Nirudishe nyumbani."

Nikakasirika. Nakiri. Nilikuwa nimeshaanza kuuamini uongo wangu, na mtu akiamini wema wake akakataliwa, hasira yake huwa kubwa kuliko ya mtu mwenye haki. Nikamwambia, "Basi, Baba, ukae nyumbani." Nilijuta kabla mdomo haujafunga.

Alirudisha koti kwenye msumari. Hilo ningeweza kulivumilia. Kilichoniumiza ni kiti. Kesho yake alimwomba mke wangu akigeuze, kitazame ukuta wa jikoni badala ya barabara. Malori yakawa yanapita, mengine yanachelewa kiasi kwamba hata mimi nilisikia, naye hasemi neno. Nikipita nasalimia, anaitika, basi. Nilikuwa nimempa matumaini kwa uongo, nikamnyang'anya kwa ukweli, na sikujua namna ya kuomba radhi kwa kimoja bila kukiri kingine.

Mke wangu naye alikuwa na hesabu zake. "Umemnunulia gari, hataki hata kuliona," akasema. "Basi liuzwe, ununue la mizigo." Hakuna mtu angeweza kupinga hoja hiyo, isipokuwa kwa kusema ukweli. Nikamwomba anisubiri mpaka mavuno, labda Baba atabadili mawazo. Akanipa mpaka mavuno.

Julai tukaenda Maposeni kuangalia mahindi yake yanavyovunwa. Baba alikubali kuja kwa ajili ya mahindi. "Nitakwenda kama mzigo," akasema, akaingia kushoto bila koti. Mke wangu akakaa nyuma, amepakata sufuria ya wali na maharage iliyofungwa kwa kanga, na magunia matupu yamemzunguka mpaka mabegani.

Tukafika Mbili ya Aibu. Siku hizi pana lami, lakini kilima ni kile kile. Mimi nilikuwa naendesha polepole kwa ajili ya sufuria, mguu mwepesi. Gari likaanza kupanda na gia ya nne. Likaona haliwezi, likashuka ya tatu. Likapata nafuu kidogo, likarudi ya nne. Likashindwa tena, ya tatu. Ya nne. Ya tatu. Lilikuwa linatutikisa shingo. Nilikuwa nimeshazoea, sikujali.

Baba hakuwa amezoea. Yeye alikuwa kushoto kwangu, na liva ya gia ilikuwa katikati yetu, kwa hiyo ilikuwa upande wa mkono wake wa kulia, ule mzima. Niliuona ukinyanyuka kutoka gotini, ukarudi. Ukanyanyuka tena, ukarudi. Gari lilipopanda ya nne kwa mara ya nne, uvumilivu wa miaka thelathini ukaisha. Akaishika liva na kuisukuma pembeni.

"Baba, theluji!" nikapiga kelele.

"Theluji iko wapi?" mke wangu akauliza kule nyuma, akichungulia dirishani.

Nilisubiri giaboksi ife. Nilikuwa nimekunja mabega kabisa kusikiliza chuma kikivunjika. Badala yake, kwenye dashibodi pakawaka namba 3, na gari likatulia. Likapanda kilima chote kwa sauti moja, bila kusita, mpaka juu.

Kule juu pakawa tambarare, nami nikasubiri lipande gia. Halikupanda. Mlio ukazidi. Mshale ukaanza kupanda kwenda kwenye alama nyekundu. Mtu mwenye akili angepunguza mguu. Mimi kwa hofu nikakanyaga zaidi, na injini ikafika mwisho ikaanza kukohoa.

"Linakufa!"

"Halifi," akasema Baba. "Punguza mguu. Haya, simama pembeni."

Nikasimama. Nikazima. Harufu ya maharage ilikuwa imejaa gari zima maana kanga ilikuwa imelowa mchuzi.

"Limebaki kwenye tatu," Baba akasema. "Kwa nini halikubadilisha lenyewe?"

"Kwa sababu ni ya theluji."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kwenye kabini nilipokuwa na miaka tisa. "Linamngoja mtu," akasema. "Hapa linamngoja dereva aliambie. Sasa analiambia kwa kitu gani?" Akaukagua usukani kwa macho, polepole, kutoka juu kwenda chini. "Chini ya hizo tepu kuna nini?"

"Vitufe vya redio."

"Bandua."

"Fundi alisema kompyuta..."

"Bandua, mwanangu."

Nikabandua. Baba akajinyoosha, akapitisha dole gumba juu ya kitufe cha mbele upande wa kulia. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na katikati kimebonyea kidogo, umbo la kidole cha mtu. Zamani alikuwa akiletewa lori la mtu mwingine anatazama kwanza kanyagio, anajua dereva aliyepita alikuwa mwenye haraka au mvivu.

"Huyu Mjapani," akasema, "redio yake ilikuwa na shida gani mpaka aisugue hivi?"

Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea magunia. Mimi sikucheka. Niliwasha gari, nikaenda mwendo mdogo, nikairudisha liva pembeni, nikabonyeza kitufe cha mbele. Namba 3 ikawa 2, na nikasikia giaboksi ikiuma kwa nguvu na kwa utii. Nikabonyeza cha nyuma. 2 ikawa 3. Miezi minne. Nilikuwa nimepakiwa miezi minne kwenye gari langu mwenyewe, na kumbe mzee wa watu alikuwa amelijua hilo tangu kule uwanjani, kwa dakika mbili.

"Upande wa kulia vipo vyote viwili?" Baba akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Cha mbele kinashusha, cha nyuma kinapandisha. Kulia vyote viwili, kushoto vyote viwili."

"Kulia tu panatosha," akasema.

Shambani kwake pana njia ya trekta, pana na iliyonyooka, inayokatiza katikati ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Tukamshusha mke wangu na sufuria yake chini ya mti wa kivuli, tukahakikisha njia haina mtu. Baba akaingia kulia. Aliulaza mkono wa kushoto pajani kwa kutumia wa kulia, akaufunika kwa ncha ya shati, kama mtu anayemlaza mtoto ili afanye kazi. Mimi nikakaa kushoto.

Akavusha mkono wa kulia, akaisukuma liva pembeni, kwenye theluji. Dashibodi ikaandika 1. Akakanyaga. Njia ilikuwa na vumbi na mabua, gari likacheza nyuma kidogo, naye akalirudisha kwa usukani bila kusema lolote. Mlio ukapanda, ukapanda, nami nikaanza kubana miguu, na pale ulipofika mahali fulani vidole vyake vikafumba. 2. Haukuwa mshtuko, ilikuwa kama mtu ameinua mguu akaukanyagisha kwenye ngazi inayofuata. Mlio ukapanda tena. Vidole vikafumba. 3.

"Hapa ndipo linapopenda," akasema kwa sauti kubwa juu ya mlio. "Ukibadilisha kabla ya hapa linazimia. Ukibadilisha baada ya hapa linapiga kelele za bure. Hapa, gia inayofuata inaipokea injini ikiwa bado na nguvu."

Nikautazama mshale. Yeye hakuutazama hata mara moja. Tulikwenda na kurudi kwenye njia ile mara sita, na kila mara alipobadilisha mshale ulikuwa pale pale. Wajapani walitumia kompyuta kupatafuta mahali hapo. Baba alipapata kwa masikio, akiwa na miaka sabini na sita, ndani ya gari alilolikataa.

Kwenye ncha ya njia alikuwa anageuza kwa mzunguko mpana kwa sababu ya mkono mmoja, na mara ya tatu alilipitia rundo la mabua. Mbuzi wawili waliokuwa pale nyuma wakatoka mbio. Baba akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu augue, na macho yangu yakajaa machozi, nikasingizia vumbi ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Aliposimama nikaona siwezi tena kuubeba uongo.

"Baba," nikasema. "Hili gari..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mkamwana aliponiambia umelinunua kwa ajili yangu, nilijua ni uongo. Siku ile uliingia nalo getini, ukapiga resi mara tatu bila sababu. Mtu hapigi resi hivyo kwenye gari la baba yake."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa anapangusa usukani kwa kiganja. "Nilijua ni uongo," akasema, "na koti nililivaa."

Mke wangu akatuita tule, wali ukiwa umechanganyika na maharage kabisa, na Baba akala sahani mbili.

Jioni niliendesha mimi, kwa sababu barabara kuu ina sheria zake. "Weka kwenye theluji," Baba akaniambia tulipoingia kwenye lami. Bado tunaiita hivyo. Tulipokaribia kilima cha kwanza akaniuliza, bila kunitazama, "Sasa?"

"Tatu," nikasema, nikabonyeza.

"Umechelewa."

Getini nilipozima, alimgeukia mke wangu kule nyuma kwenye magunia. "Mkamwana, uliniambia hili gari ni la nani?"

"La kwako, Baba," akajibu mke wangu kwa heshima zote, na kwenye kioo nikaona anavyofurahia.

"Basi haliuzwi." Akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja juu. Ilinichukua muda kuelewa. Nikachomoa funguo, nikampa, akazitia kwenye mfuko wa shati.

Sasa ndivyo tunavyoishi. Mifuko ya mbolea inabebwa na gari la kukodi. Jumamosi tunakwenda kwenye ile njia ya trekta, yeye kulia, mimi kushoto, nataja gia. Siku nyingine, nikitaka kwenda Majengo dukani kwangu, nakwenda kwanza kwake nyuma kuomba funguo. Kiti chake kimeshageuzwa, kinatazama barabara. Ananiuliza naenda wapi na nitarudi saa ngapi, mimi baba wa watoto wanne. Jioni nikipandisha kuelekea nyumbani nabadilisha gia kwa uangalifu wote, nikijua ananisikia tangu kule chini. Naegesha, namwendea na funguo mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," anasema, amevaa koti la kaki, vifungo vyote vimefungwa. "Pale kwenye kona ulichelewa."